Wameniachia Vifuniko Vyao

Wamekubali! Kapinga, wamekubali! Toa nguo zako kwenye ule mfuko mdogo, uzitie kwenye valizi kubwa ya baba yako, maana kesho huendi tena kujaribu na kurudi na lori la jioni. Unakwenda kukaa. Wanawake wa ziwa wamekubali chumba cha vitabu, wamekubali na weye mwenyewe, na ushahidi uko mbele yangu juu ya meza ya salon, hapa sebuleni: kikapu kizima cha vifuniko vya sufuria.

Sasa nikusalimu, maana nimeruka salamu kama mtoto aliyetumwa chumvi. Jambo, mwanangu. Jambo, mama yangu. Nakuita mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, na mbele kidogo utaona jinsi lilivyokukaa.

Mama Ngoie, yule mwuza samaki wa ziwa Tshangalele, ametoka hapa si kitambo. Harufu ya samaki wake bado imekalia kiti chako. Weye uko mjini kwenye biblioteke, maktaba yenu, wenzako wanakutakia heri ya kesho kwa Fanta na hotuba. Nilikuwa nimekwisha kufunga kikwembe nikimbie mpaka kule, nikupigie kelele dirishani. Baba yako akanishika mkono. "Weye mama! Acha mutoto akunywe Fanta yake." Basi nimekaa, nimetwaa kalamu. Kelele yangu ndiyo hii.

Tena kuna ile kazi ya shule ambayo sikukuletea. Katika darasa la akina mama, kwenye salle, ukumbi wa kanisa, ulituambia kila mmoja amwandikie barua mtoto wake aliye mbali. Wote walileta. Mama Odia alijaza karatasi mpaka nyuma, akampa mtoto wake aliyeko Kolwezi hata habari za kuku, jina kwa jina. Minye nilikujibu, "Mwalimu, mtoto wangu hayuko mbali. Yuko mbele yangu, amevaa sketi niliyoipiga pasi mwenyewe." Darasa zima likacheka, nawe ukaniacha. Sasa umekuwa mtoto wa mbali, basi pokea kazi yangu. Usitie wino mwekundu. Najua ninachanganya Kiswahili cha kitabu cha nyimbo na cha Panda, mtaa wetu. Cha kwanza ndicho nilichojifunzia kuandika, cha pili nilikinyonya.

Sitakuambia habari ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala wavulana wenye pikipiki. Hayo nimekuimbia juma zima mpaka ukaziba masikio kwa mto. Nataka kukuambia nilichokiona, kwa sababu weye ulikuwa ndani yake na hukuweza kuona.

Nilimwona mtoto wangu akitembeza vitabu kama vitumbua.

Unakumbuka uliporudi na diploma yako kutoka Lubumbashi, wakakupa biblioteke? Ulivaa viatu vyenye kisigino. Ulipanga vitabu, ukafuta vumbi, ukakaa. Waliokuja walikuwa wanafunzi waliotafuta kivuli cha kulalia. Siku moja ukaniingilia jikoni na uso umeanguka. "Mama, bantu habakuyake." Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga. Nikakwambia, "Na minye, watu walinijia lini? Kitumbua kikikaa nyumbani kinakuwa jiwe. Beba beseni." Kesho yake ukaja kuomba beseni langu la bluu. Siku wakubwa watakapokupa cheti mbele ya watu, mwanangu, usisahau kutaja beseni lilikuwa la nani.

Lakini nitasema ukweli, minye nilitoa beseni tu. Kuona ni kwako. Weye ndiye uliyeona kwamba mji huu umejaa watu wanaongoja, na kwamba mtu anayengoja ana masikio. Ulikwenda kwenye benchi la kupima watoto kilo, ukawasomea akina mama jinsi ya kumtunza mtoto anayeharisha, kisha ukawasomea hadithi ili wasiondoke na woga. Ulikwenda kwenye robinet, bomba la maji, ambapo madumu yamepanga mstari mrefu kuliko watu. Ulikwenda mpaka njia ya Buluo, mbele ya gereza, ambapo wake za wafungwa wanakaa na chakula kwenye vitambaa wakisubiri zamu ya kuingia. Pale nilikufuata na vitumbua vyangu. Biashara ni biashara.

Ulikuwa umeshika ile hila yangu ya nyongeza. Mnunuzi nampa kitumbua kidogo cha juu, si kwa wema, ni ili kesho apite kwangu. Weye nyongeza yako ulikuwa unaizuia: unasoma hadithi, unaifunga kabla ya mwisho. Siku ile ya Buluo ulifunga kitabu pale mwanamke wa hadithi anaposikia mtu akibisha hodi usiku. Mke mmoja mwenye bakuli la mboga ya sombe alisimama kwa hasira.

"We yaya, dada yetu! Unatufanya mubaya! Alifungua mulango ao hakufungua?"

"Jumamosi inayokuya, mama."

"Jumamosi inayokuya bwana yangu anatoka! Nitarudia tena huku kufanya nini?"

"Basi mukuye wote wawili."

Na walikuja! Yule mwanaume aliyetamani miezi yote kuiona njia ile kwa mgongo alirudi kwa miguu yake, akakaa juu ya jiwe katikati ya wake za watu, kofia mkononi, asikie kama mlango ulifunguliwa. Habari hii nimeisimulia sokoni mpaka wauza nyanya wakiniona tu wanasema, "Mama Kapinga, tunajua, alifungua." Lakini naisimulia. Nani mwingine ana mtoto aliyemrudisha mtu mbele ya gereza kwa hadithi?

Sasa ngoja nikutajie upumbavu wangu, maana huwezi kunijua kwa majivuno peke yake.

Walipokuwa wanapaka rangi biblioteke, ulileta masanduku ya vitabu hapa nyumbani, ukaenda Lubumbashi kwenye mafunzo. Ulinisihi, "Mama, batoto ya parcelle basome." Nikaitika kwamba watoto wa jirani watavisoma. Ulipogeuka tu nikafungua kabati la vioo, nikatoa sahani za harusi yangu, zile ambazo hata padri hajazilia, nikapanga vitabu. Vyekundu na vyekundu, kijani na kijani. Nikaweka kitambaa cha crochet juu, nikafunga, ufunguo nikautia kwenye fundo la kikwembe. Kila mgeni nilimpitisha salon kwanza. "Bitabu ya mutoto wangu." Walipiga makofi. Watoto wa jirani walikuja pia, nikawaambia waangalie wakiwa wamefunga mikono nyuma.

Uliporudi ulisimama mbele ya kabati muda mrefu. Nilidhani unafurahia rangi nilivyozipanga.

"Mama, hizi alama kwenye kioo ni za nini?"

"Ni pua za watoto. Ngoja nilete kitambaa nifute."

"Usifute," ulisema. "Ziko nyingi."

Ulikwenda kuoga. Nilibaki na zile pua, nyingine chini kabisa, za wale ambao hata kutembea hawajui vizuri. Nikafungua fundo. Mpaka leo sahani za harusi hazina kabati, tunazilia bukari, ugali wetu, kila siku kama watu wa ufalme. Moja ilivunjika, nikalia. Ya pili ilipovunjika nikamtuma mtoto alete ufagio. Mwanangu, nilikuwa nafikiri kuheshimu kitu ni kukiweka mbali na mikono. Nilikosa sahani zangu miaka yote ya ndoa yangu kwa wazo lile.

Upumbavu wa pili ni mdomo. Biblioteke ilipopata ile stoo ya zamani ya samaki kule ziwani, wakauliza nani atakwenda kukaa mwaka mzima ili kuifanya chumba cha kusomea, weye ukanyoosha mkono. Kabla wanawake wa kule hawajaona hata kivuli chako, minye nilikuwa nimekwisha kusimama kwenye chorale, kwaya yetu, nikitangaza kwamba mwanangu amekuwa direktrisi wa ziwa. Wa ziwa! Kana kwamba hata samaki watakuandikia ripoti.

Ukaenda. Jioni ile ile ukarudi, beseni limejaa vile vile.

"Balirudisha bitabu byote, mama. Balibipandisha mu lori bo benyewe."

Ulikuwa umefungua rejista kama mlivyofundishwa: jina, nyumba, watu wangapi ndani. Wanawake walikuwa wamekwisha kuchagua vitabu. Walipoona kalamu inaandika, wakaviweka chini kimoja kimoja kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Mama Ngoie ndiye aliyekuelezea, kwa heshima. "Mwana, bale balikuya mbele yako nabo balikuwa na daftari. Balitwandika na batoto yetu. Kisha yake balitwambia tuhame. Jina yetu haiingie tena mu kitabu ya muntu."

Uliniambia hayo nikiwa nasonga bukari, na minye, kwa uchungu wa kukuona vile, na kwa aibu ya kuwaza nitawaambia nini chorale, nikasema, "Wavuvi wale wanajua nini?"

Ukaweka beseni chini. "Mama. Weye njo unasema vile? Weye ulilala ku stesheni?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Hukupaza sauti, na ndiyo maana nilisikia.

Ulikuwa unajua kwamba nililala stesheni. Ulikuwa hujui lililobaki, maana nilikuwa sijawahi kulisema lote. Nilikuambia jioni ile, na nataka liwe pia kwenye karatasi, lisipotee nikifa.

Nilikuwa msichana wa kuanza kufunga kitambaa kichwani wakati sisi wenye asili ya Kasai, mkoa wa mbali, tulipofukuzwa hapa na kuambiwa turudi kwetu. Kwetu wapi? Babu yako mkubwa alikuja Panda kuchimba shaba kabla mama yangu hajazaliwa. Kasai niliijua kwenye nyimbo za baba yangu tu. Tukatoka na vitu mkononi, tukalala stesheni tukisubiri treni pamoja na watu wasiohesabika. Mama yangu, Kapinga mwenye jina lako, hakuweza kubeba sufuria zake. Alizipeleka kwa jirani, Mama Kisimba, mzaliwa wa hapa, mwenye mababu wa hapa. Lakini vifuniko alivitoa, akavifunga kwenye shuka, akaja navyo.

Baba yangu alikasirika mbele ya watu. "Bifuniko bila sufuria! Kule tutapika upepo?"

Mama akamjibu, "Mutu hauzi sufuria yenye haina kifuniko. Hakuna mwenye atainunua. Mama Kisimba atatungojea nazo."

Vifuniko vile vilikwenda Kasai, vikakaa kwenye misumari ukutani. Shule yangu ilikatikia kwenye safari ile, na ndiyo sababu herufi zangu zinainama. Miaka ilipita, tukarudi. Mama Kisimba alituona kwenye mlango, akaingia ndani bila neno, akatoa sufuria zote, zimesuguliwa kwa mchanga, kila moja imefunikwa ubao. Mama akafungua shuka. Akafunika moja, akafunika nyingine. Ile sauti ndogo ya kifuniko kinapokaa mahali pake, mwanangu, ndiyo iliyotukaribisha. Hotuba haikuwapo. Walikaa, wakapika maharagwe.

Nilipomaliza nilikuwa nalia ndani ya bukari. Weye hukulia. Uliinuka, ukashika kifuniko cha sufuria ya maharagwe, ukakigeuza kama unasoma.

"Mama, kila mwanamuke anajua kifuniko yake?"

"Kama uso wa mtoto wake. Kilipobonyea anakijua, na nani alikibonyeza anamjua."

"Basi."

Basi! Habari ile nilikuwa nimeibeba miaka yote kama jiwe la kusagia, nisijue pa kuliweka, weye ukalitwaa na papo hapo ukalifanyia kazi. Siku ile nilijua kwamba sikuzaa mtoto wa kawaida. Nililijua na kabla, nililitangaza na kabla, lakini siku ile sikumtangazia mtu.

Rejista ukaifunga. Ulipiga misumari kwenye ukuta wa salle ya kanisa hapa Panda. Mwanamke anayetaka kitabu anatundika kifuniko, anachukua kitabu. Hakuna jina, hakuna nyumba. Kitabu kikirudi, kifuniko kinashuka. Na nani atakaa juma zima bila kifuniko? Unakumbuka jinsi waume walivyoanza kulalamika? Baba yako alionja maharagwe yake, akatema jivu.

"Mama Kapinga, kifuniko iko wapi?"

"Inasoma."

"Inasoma! Na minye nitakula moshi mpaka itafika ukurasa gani?"

Akatwaa kitabu mwenyewe, akanisomea kwa sauti mpaka mwisho ili kifuniko kirudi. Baba yako, ambaye tangu aache ukarani alikuwa anasoma tu matangazo ya vifo! Na hakuwa peke yake. Jirani yetu alimsomea bibi yake kitabu kizima cha kufuga bata, na sasa wana bata.

Kisha ukarudi ziwani, safari hii pamoja na minye, na vifuniko vya Panda ndani ya beseni la bluu. Ulivipanga mchangani, vitabu upande huu, vifuniko upande ule. Mama Ngoie alichuchumaa, akaviangalia bila kugusa.

"Na jina?"

"Hapana jina, mama."

"Na mutu akipoteza kitabu?"

"Atakula maharagi na nzi."

Wakacheka, lakini kicheko cha mlangoni, si cha ndani. Ndipo Mama Ngoie akanigeukia minye. "Na weye mama, hii akili mulitoa wapi?" Nikawaambia habari ya stesheni, pale mchangani, mbele ya wanawake nisiowajua. Minye ambaye hata kwenye chorale yangu sijawahi kuisema! Weye ulikuwa umekaa pembeni, huniongezi neno, hunisahihishi. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Mama Ngoie alisema tu, "Tutazungumuza," wakaenda kugeuza samaki wao juani.

Tangu Noeli tumekuwa tukilingoja lile neno. Mvua zimenyesha, zinaelekea kwisha. Biblioteke wakasema kesho iwe mara ya mwisho, bila jibu vitabu vitapelekwa kwingine. Hukulalamika. Ulipanga mfuko mdogo, mfuko wa mtu anayejua atarudi jioni. Juzi nilikukuta unasugua kioo cha kabati ambalo halina kitu ndani. Nilipita kimya. Minye kupita kimya, fikiria.

Sasa sikia ya leo.

Mama Ngoie ameingia kwa mlango wa nyuma, na kikapu kichwani. Nimempa kiti, amekataa, kisha amekaa.

"Mama Kapinga, tulizungumuza."

"Mulisema nini?"

"Nipatie maji kwanza. Njia ni mubaya na weye unaniangalia kama polisi."

Nimempa maji. Amekunywa yote, polepole, makusudi kabisa. Kisha amefunua kikapu. Nikaona vifuniko, nikapiga kigelegele mpaka baba yako akaingia na kiatu kimoja. Halafu, unanijua, nikaanza kufundisha. Nikamwambia, "Lakini, mama, mumekosea kidogo. Hivi vinabaki kule. Mtu anatundika akichukua kitabu, si kuvituma huku." Nikamwonyesha hata kwa mikono, msumari, kitabu, msumari. Ameniangalia kama mtu anavyoangalia kuku anayevuka barabara.

"Shiye tunajua," amesema. "Bifuniko ya bitabu tutamupatia yeye mwenyewe, kule. Hizi ni yako."

"Zangu za nini?"

"Weye njo mwenye mutoto. Tunaazima mutoto kwako. Mutu haazime kintu kya mwenzake mikono mitupu."

Kapinga. Mama yangu. Baba yako anasema nilikaa kimya mpaka akaenda kutafuta dawa ya malaria.

Nimevitoa kimoja kimoja. Kimoja kimebonyea pembeni kama shavu la mzee. Kimoja kikubwa, cha sufuria ya kilio, ile inayopikia watu wengi. Kimoja kishikio chake kilikatika, wakafunga kipande cha boya la wavu kwa waya, na hicho ni cha Mama Ngoie mwenyewe. Hivi ninavyoandika, kule ziwani kuna wanawake wanaopika bila kufunika, moshi unaingia kwenye mboga yao, waume wao wanauliza kifuniko kiko wapi. Na wanajibiwa nini? Kwamba kiko Panda, kwa mama wa yule msichana. Sisi tulioambiwa turudi kwetu. Niliwahi kusema wavuvi wale wanajua nini. Wanajua kumwomba mama mtoto wake, kitu ambacho hata biblioteke hawakufikiri, na hata weye uliponyoosha mkono hukuniuliza. Sikulaumu. Nasema tu kwamba leo nimeulizwa, na nimejibu ndiyo.

Beseni la bluu limo ndani ya chumba chako, nimelisugua. Ni lako kabisa sasa. Vitumbua vitazoea la plastiki. Kesho nitakusindikiza mpaka kwenye lori na sitasema kitu, yote nimeyasema hapa, na ukiniona nimefunga mdomo usidhani nimekasirika. Kama utataka kunijibu, jibu kwa barua. Nitatia wino mwekundu.

Ila vifuniko vya watu siwezi kuvikalia, maharagwe ni maharagwe. Tutavirudisha kwa mkono. Chorale wamekwisha kuambiwa, ndiyo, nimepita kwao kabla ya kukaa kuandika, usiniulize. Baba yako atavaa koti lake. Mama Odia anataka kuja na kuku wawili wakaone ziwa. Kila mmoja atabeba kifuniko kimoja na kukifunika kwa mkono wake juu ya sufuria ya mwenye kifuniko, wote tusikie ile sauti. Kimoja tu kitabaki hapa, kile cha boya. Nimemwambia Mama Ngoie kwamba hicho simrudishii mpaka mwaka uishe na mtoto wangu amerudi. Amecheka, safari hii kicheko cha ndani, akasema nzi wake na yeye wanajuana.

Kimekwisha kutundikwa juu ya jiko langu. Nawe tandika mikeka, chemsha maji mengi, uwaambie akina mama wa ziwa wapike bila woga, maana tunakuja sote na lori la asubuhi, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.